Feri ya bure au boti ya watalii? Hesabu ya kikundi kabla ya kubonyeza "Tuma"

Shangazi yangu wa Msambweni ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama kumi na wawili. Kila mwisho wa mwaka huwa wanagawana faida, lakini mwaka huo waliamua kutoa elfu mbili mbili kila mmoja, wakapata 24,000, waende matembezi ya baharini. Akanipigia simu jioni moja.

"Mwanangu, wewe ndiye unayefanya kazi na hawa watu wa pesa za simu. Nieleze. Feri ya Likoni ni bure, na bahari ni hiyo hiyo. Huyu kijana wa Diani anataka shilingi 4,500 kwa kila kichwa. Anauza nini?"

Swali zuri kuliko mengi tunayoulizwa hapa. Wateja wengi hutuandikia baada ya pesa kutoka: nimetuma namba isiyo yake, nimelipa boti haikuja, nimeambiwa kiingilio kimo ndani ya bei kisha nikalipishwa tena langoni. Shangazi aliuliza kabla. Kwa hiyo somo la leo tutalipitisha kwenye hesabu yake, na wewe uliye Ukunda, Kwale mjini, au unayetoka bara na treni kuja Diani, utaona wapi hesabu yako inafanana na yake na wapi inatofautiana.

Feri ni barabara, haijawahi kuwa matembezi

Tuanze na ile ya bure. Kivuko cha Likoni kimekuwa na huduma ya feri tangu 1937. Leo kinaendeshwa na Kenya Ferry Services, shirika lililo chini ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya, na kinafanya kazi usiku na mchana. Maji ya pale ni kama nusu kilomita tu. Chombo kikishang'oa, dakika chache uko ng'ambo. Kinachokula wakati ni foleni, hasa asubuhi watu wakienda kazini kisiwani na jioni wakirudi. Wanaovuka kwa siku moja huhesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Mtu wa miguu halipi chochote. Hakuna tiketi, hakuna namba ya kulipia, hakuna "ada ya haraka". Mtu akikusimamisha Likoni ukiwa na mkoba wako begani akakuomba utume hata shilingi hamsini ili uvuke, mpite. Wanaolipa ni wenye vyombo vya moto, na kiwango kinategemea aina na ukubwa wa gari.

Kwa hiyo mtu akisema "tupande feri tuone bahari", hajakosea. Familia nyingi za Nairobi na za bara, siku ya kwanza pwani, hupanda feri kwa raha yake tu: kwenda, kurudi, kuona meli kubwa ikiingia bandarini Kilindini, upepo usoni. Upande wa kisiwani kuna bustani ya Mama Ngina iliyotengenezwa upya 2019, na unaweza kukaa pale chini ya mibuyu ukila mihogo na kuangalia meli zinavyopita hadi jua litue. Kwa mtu ambaye hajawahi kuiona bahari, hiyo ni siku nzuri kabisa.

Lakini feri ina mambo yake. Kwanza, haikusubiri wala haina habari na wewe. Hakuna mwongozaji, hakuna kusimama katikati upige picha, na saa ya msongamano hutaona bahari, utaona migongo ya watu. Pili, ni chombo cha kubeba watu wengi, na wenyeji wa Kwale hawahitaji kukumbushwa maana yake. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaa kupita kiasi, watu 272 wakafa. Wako watu wa umri wa shangazi ambao hadi leo wakipanda hushika reli wakanyamaza mpaka mlango ufunguke. Ukienda na watoto, subiri awamu ya watu wachache, simama mbali na magari na mbali na ukingo, na ukiwa kwenye gari fuata maagizo ya wahudumu wa kivuko.

Jambo jingine kwa wenye magari: tangu 2024 barabara ya Dongo Kundu inapitika moja kwa moja kutoka Miritini hadi Kwale, juu ya madaraja ya Mwache na Mteza. Ukishuka kwenye treni Miritini na safari yako ni Diani, dereva akikwambia lazima mpitie feri, muulize kwa nini. Pengine ana sababu, pengine anataka kushusha abiria mwingine mjini kwa mafuta yako.

Hesabu ya shangazi kwa upande wa feri ilikuwa fupi. Matatu kwenda na kurudi Likoni, kwa nauli ya siku hiyo, 2,400 kwa wote kumi na wawili. Chakula cha mchana upande wa Mama Ngina tukaweka 400 kila mtu, 4,800. Jumla 7,200. Kwenye mfuko zinabaki 16,800.

"Sawa," akasema. "Lakini mimi Likoni naenda kila nikipeleka nguo kwa fundi. Hiyo si safari, hiyo ni shughuli."

Yule kijana anauza nini hasa

Tusimdharau kijana wa Diani. Safari ya watalii ya siku nzima kutoka Diani kwenda Kisite ni kitu halisi, na ikifanywa vizuri inastahili pesa yake. Tatizo ni kwamba wengi hununua bila kujua wamenunua vitu vingapi kwa pamoja.

Kawaida inakwenda hivi. Gari linakuchukua asubuhi mapema Diani, linashuka barabara ya Lunga Lunga, linapita Msambweni na Ramisi, kisha linakunja kushoto kuelekea Shimoni. Gatini mnapanda jahazi au boti ya injini. Mnatoka hadi Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, ambayo imelindwa tangu miaka ya sabini na inasimamiwa na KWS. Njiani pomboo huonekana mara nyingi. Si ahadi, maana pomboo hawajaajiriwa na mtu. Mnaogelea kwenye matumbawe kwa miwani ya maji, kisha mnarudi kula Wasini: kaa, samaki, wali wa nazi. Jioni mnarudishwa.

Hesabu basi ndani yake kuna nini: gari, boti, nahodha na wasaidizi, vifaa vya kuogelea, kiingilio cha hifadhi, chakula, na faida ya aliyekuuzia ufuoni. Vitu saba. Bei moja. Na hapo ndipo maswali yanapoanzia, kwa sababu kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuwa "kimo" wakati wa kulipa na "hakimo" mkishafika.

Kinacholeta kelele zaidi ni kiingilio cha hifadhi. Kiingilio ni cha serikali, na viwango vinatofautiana: raia wa Afrika Mashariki, mkazi, mgeni wa nje, mtu mzima, mtoto. Raia wa Kenya analipa kidogo sana kuliko mtalii wa Ulaya. Sasa mwuzaji akikupa bei moja ya "kila kichwa" bila kuuliza kitambulisho chako, jiulize amekuhesabia kiwango kipi. Kama amekuhesabia cha mgeni halafu akalipia cha raia, tofauti imebaki mfukoni mwake. Hajavunja mkataba wowote mlioandikiana, kwa sababu hamkuandikiana.

Habari njema ni kwamba malipo ya KWS siku hizi hufanywa kwa eCitizen. Unaweza kujilipia mwenyewe kwenye simu, ukachagua Kisite-Mpunguti, siku, na idadi ya watu, ukapewa tiketi yenye jina lako. Ukilipa kwa Lipa Bili, namba ya biashara ya serikali ni 222222, na namba ya akaunti ni ile uliyopewa kwenye ankara yako, usibuni. Pesa ya hifadhi haina haja ya kupitia kwenye namba ya simu ya nahodha. Mwambie tu, "Kaka, nitalipia kiingilio mwenyewe, nipe bei ya boti, gari na chakula." Sikiliza bei inavyoshuka. Isiposhuka hata kidogo, umejua jambo.

Swali la pili ni usalama. Boti za abiria zinatakiwa kukaguliwa na kupewa kibali na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, KMA. Omba kukiona cheti. Hesabu jaketi za kuokolea, zilingane na watu, na kama mna watoto ziwepo za kimo chao. Mtu anayekuambia "msiwe na wasiwasi, bahari tumezaliwa nayo" anakuambia ukweli kuhusu yeye. Wewe hukuzaliwa nayo.

La tatu ni upepo. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, maji hutulia na huonekana mpaka chini. Kusi likishika, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi yanakuwa makubwa na maji yanachafuka, na zipo siku boti hazitoki kabisa. Kama unalipa Julai kwa safari ya Julai, uliza swali hili kabla ya kutuma chochote: bahari ikichafuka, pesa inarudi au inasogezwa siku nyingine? Jibu lolote watakalokupa, liombe kwa ujumbe wa maandishi. Maneno ya ufuoni huchukuliwa na upepo huohuo.

Kwa kikundi cha shangazi, 4,500 mara kumi na wawili ni 54,000. Walikuwa na 24,000. Kijana akashuka hadi 4,000, ikawa 48,000. Bado nusu haijafika. Mama mmoja akapendekeza wakope kwa simu, kila mmoja kidogo, ili wajaze. Hapa nilimkatiza shangazi, na nitakukatiza na wewe pia. Mkopo wa simu ni wa dharura: mtoto anaumwa, umeme umekatika na una samaki kwenye friji. Kukopa elfu mbili ili uone pomboo, kisha ulipe na riba Januari wakati wa karo, ni kumlipa pomboo mara mbili.

Njia ya katikati, ambayo hakuna anayekuuzia

Watu wa Wasini wanaishi kisiwani. Wanakwenda hospitali, wanapeleka watoto shule, wananunua unga. Wanavukaje? Kwa boti za kawaida kutoka Shimoni, ambazo husubiri zijae kama matatu, kisha zinavuka. Hiyo ndiyo feri ya kusini, ingawa hakuna anayeiita hivyo. Nauli yake kwa mwenyeji ni ndogo, na mgeni hutajiwa zaidi. Si lazima uone ubaya, ila uliza wanawake waliokaa na vikapu wanalipa ngapi kabla hujakubali yako. Mkiwa kikundi mnaweza kukodi boti nzima kwenda na kurudi, mkakubaliana na saa.

Na ng'ambo kuna nini? Kisiwa kisicho na magari. Kijiji cha Wasini na kile cha Mkwiro. Nyumba za mawe na msikiti. Nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe ya kale, mawe yaliyochongwa na maji wakati bahari ilipokuwa juu zaidi, yamesimama kati ya mikoko, na juu yake pamejengwa njia ya mbao ya kutembea. Njia hiyo inaendeshwa na kikundi cha wanawake wa kijiji. Unalipa kiingilio kidogo langoni. Shangazi aliposikia hilo alinyamaza kidogo, akauliza, "Wanawake wenyewe? Na hesabu wanashika wao?" Nikamwambia ndivyo. Safari ikaanza kupata sura.

Upande wa Shimoni nako kuna pango lililopa mji jina lake, ambalo linakumbukwa kwa biashara ya watumwa. Linasimamiwa na jamii ya hapo. Hilo linataka moyo mzito kidogo. Wengine wa kikundi walitaka, wengine walisema siku ya furaha wasiichanganye.

Hesabu ya tatu tuliifanya kwa bei tulizotajiwa wiki ile, na zako zitakuwa tofauti, kwa hiyo shika mtindo wake uache tarakimu. Matatu ya kukodi siku nzima kutoka Msambweni, 9,000. Boti nzima kwenda na kurudi, 3,000. Njia ya mbao, 100 kila mtu, 1,200. Chakula Wasini, samaki na wali, 500 kila mtu, 6,000. Jumla 19,200. Zinabaki 4,800 za madafu, za makato ya simu, na za lile jambo ambalo hutokea kila safari na halipo kwenye daftari.

Hakuna pomboo humo. Hakuna miwani ya kuogelea. Nilimweleza wazi, kwa sababu mtu akiambiwa kitu ni "kama kile cha watalii ila rahisi", anafika akiwa na hasira. Si kama kile. Ni kingine.

Kama mngetaka hifadhi yenyewe bila gari la Diani wala chakula cha hoteli, inawezekana pia: mnakodi boti yenye kibali Shimoni mkiwa wengi mkagawana, mnajilipia viingilio eCitizen, mnabeba chakula chenu. Kwa watu wawili ni ghali kuliko kujiunga na safari ya watalii, maana boti nzima mnaibeba nyinyi wawili. Kwa watu kumi na wawili hesabu hugeuka. Hili huwasahaulisha wengi: bei ya kichwa humfaa mtu mmoja, bei ya chombo hufaa kundi.

Sasa malipo, maana ndipo tunapoumia

Nikiri jambo. Miaka michache kabla ya hapo mimi mwenyewe, mfanyakazi wa malipo ya simu, nilituma 3,000 ufuoni Diani. Wageni wangu wa bara walitaka boti ya kioo asubuhi. Kijana alikuwa mcheshi, ana fulana yenye nembo, ana picha kwenye simu. Akanitajia namba, nikatuma. Kesho yake maji yakapwa, yakajaa, fulana haikuonekana. Namba ikawa haipatikani. Nilitamani hata kuripoti nikaona haya, kwa sababu kila nilichokikosea nilikuwa nimekiandikia wateja mwezi uliotangulia.

Nilikosea nini? Nilitumia Tuma Pesa. Ukituma pesa kwa namba ya simu, umempa mtu. Ujumbe unaonyesha jina na kiasi, hausemi ni kwa ajili ya boti, wala kwamba kuna biashara upande wa pili. Ukitumia Nunua Bidhaa, kuna namba ya Till iliyosajiliwa, jina la biashara linajitokeza, na kwa M-PESA mnunuzi hakatwi ada. Kutuma 6,000 kwa namba ya kawaida, kwa viwango vya 2024, kulikatwa 78. Si nyingi, lakini kwa nini ulipe zaidi upate ushahidi mdogo? Lipa Bili nayo inakupa sehemu ya kuandika akaunti, kwa hiyo kwa malipo ya amana ni nzuri zaidi, kwani pale unaandika namba ya nafasi yako au jina la kikundi na linabaki kwenye kumbukumbu zao.

Najua utasema: nahodha mdogo wa Shimoni hana Till. Wengi siku hizi wanayo, au wana Pochi la Biashara. Asiyekuwa nayo si mwizi. Mlipe mkishapanda, au mlipe nusu mkipanda na nusu mkirudi. Nahodha wa kweli anaelewa, kwa sababu hata yeye anahitaji mafuta ya kwenda, na hayo ndiyo mnayomlipia kwanza.

Amana ndiyo penye mtego. Yule kijana wa Diani alipoona akina mama wanasita, alimwambia shangazi: "Mama, nitumie 10,000 tu leo niwashikie nafasi, msimu umejaa." Shangazi alikuwa ameshaandika namba. Kabla pesa haijatoka, jina likajitokeza. Kijana alikuwa amejiita Kapteni fulani, jina la kiume. Lililojitokeza ni la mwanamke.

Akaahirisha, akamuuliza. "Hiyo ni laini ya mke wangu, mama."

Inaweza kuwa kweli! Wanaume wengi wanatumia laini za wake zao, na wake za waume. Lakini angalia alivyofanya shangazi, maana ni bora kuliko yote niliyomfundisha. Hakumwita mwongo. Alisema, "Hewala baba. Pesa si yangu, ni ya wenzangu, na nikirudi kwenye mkutano lazima niwaonyeshe jina la uliyenipa. Nipe namba ya biashara, hata ya mwenye boti." Hakuwa nayo. Mazungumzo yakaisha kwa heshima, kila mtu na njia yake, na 10,000 zikabaki Msambweni.

Jina linapojitokeza lisome. Lisome lote. Hilo ndilo dirisha lako la mwisho.

Na ukishakosea? Usisubiri jioni. Kwa M-PESA, peleka ule ujumbe wa uthibitisho kwenda 456 mara moja ili uombe pesa irudishwe. Ikiwa bado iko kwenye laini ya aliyepokea, kuna nafasi. Akishaitoa au akaitumia, nafasi inapungua hadi karibu na sifuri. Na fahamu kwamba kurudishiwa ni kwa kosa la namba. Ukimtumia mtu uliyemkusudia akashindwa kuleta boti, hilo ni deni au ni ulaghai, si kosa la namba, na njia yake ni kituo cha polisi ukiwa na ujumbe wako mkononi. Ndiyo maana nasisitiza maandishi.

Kuna ujanja mwingine unaowapata hasa wageni. Mko kwenye gati, mtu anasema atakutumia ombi la malipo kwenye simu, wewe uweke namba ya siri tu. Ombi lenyewe ni la kawaida, biashara nyingi hulitumia. Ila soma kiasi na jina kabla ya kuweka namba ya siri, hata kama jua linawaka na watu wanakuhimiza. Sifuri moja ya ziada ni rahisi kuiruka. Na mtu akikwambia uweke namba ya siri ili upokee pesa, kwa mfano kurudishiwa amana, kata simu. Kupokea hakuhitaji namba ya siri, kokote, kwa mtandao wowote.

Neno kwa wenye boti pia, maana nanyi mnatusoma. Mteja akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba ameshalipa, angalia simu yako. Ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote. Salio lako haliandikwi na mteja. Msingoe nanga kwa picha ya skrini.

Kikundi kikilipa, mweka hazina asilipie kutoka laini yenye pesa zake za sokoni. Shangazi alikuwa na laini ya pili, ya kikundi tu. Kila malipo ujumbe wake aliupeleka kwenye kundi la WhatsApp saa hiyohiyo: gari, boti, chakula. Mama mmoja asiye na simu ya intaneti alisomewa kwa sauti ndani ya matatu. Makato nayo yaliandikwa. Watu hawagombani kwa sababu ya shilingi 78, hugombana kwa sababu hawakuambiwa.

Walikwenda Jumamosi ya Desemba, kaskazi limetulia. Nahodha alikuwa na Till, na jina lililojitokeza lilikuwa lilelile lililoandikwa ubavuni mwa boti. Jaketi zilikuwa kumi na tatu kwa watu kumi na wawili na yeye mwenyewe. Mmoja wao, aliyekuwa msichana mwaka wa Mtongwe, alivaa yake kuanzia Shimoni na hakuivua mpaka waliporudi, hata juu ya njia ya mbao katikati ya mikoko, nchi kavu kabisa. Hakuna aliyemcheka. Na wakiwa wanarudi, nusu ya njia, pomboo wawili wakapita upande wa kulia bila kulipiwa.

Ukiondoa madafu na makato, zilibaki elfu nne na ushei. Kwenye mkutano wa Januari palitolewa hoja zigawanywe, ikakataliwa. Shangazi alinitumia picha ya daftari. Chini ya hesabu yote, kwa wino mwekundu, ameandika: "Salio la safari. Kisite, mwakani. Kiingilio tutalipa wenyewe."